Nyama Ina Kamati, Mtungi Hauna Mwenyewe

Mtanzania akialikwa nyama choma, maswali yake yote ni ya nyama. Mbuzi au ng'ombe? Imetoka Vingunguti au mnadani Pugu? Imelala kwenye ndimu na tangawizi, au mmeitupa tu motoni leo leo? Anachoma nani? Ninao wajomba ambao hawavai viatu mpaka wahakikishiwe kwamba mbavu zipo. Lakini tangu grili ya gesi iingie nyumbani kwetu, sijamsikia mgeni hata mmoja akiuliza habari za moto. Mtungi upo pale pale kando ya meza, umewekewa bakuli la kachumbari kichwani, na hakuna anayeshughulika nao.

Grili yenyewe ililetwa na shemeji, mdogo wake mama watoto, anayeishi Houston. Ni ile ya kubebeka: miguu inakunjwa, ina mfuniko, ina kitufe chekundu cha kuwashia, unaishika kwa mkono mmoja unavuka nayo Kigamboni. Aliifunga kwenye sanduku katikati ya nguo, akafika amenuna kwa sababu kamtungi kake ka kijani, kale ka kutumia na kutupa kenye gesi isiyofika nusu kilo, watu wa uwanja wa ndege walikakataa. Wabarikiwe walio macho kazini. Mtu mzima, msomi, anataka kupanda ndege na propani katikati ya suruali!

Basi tukawa na grili, mtungi hatuna. Hapo wataalamu wakaibuka.

Wa kwanza alikuwa shemeji mwenyewe, aliyetaka mtungi wa kilo 15 ili mambo yasikatike nyama ikiwa nusu. Jirani yangu, fundi seremala, akamwambia aache ubahili, tuchukue wa kilo 38 wa mahotelini "tumalize kabisa". Mimi nikapiga magoti nikasoma kibandiko kilichopo chini ya grili, kitu ambacho wenzangu walikiona ni cha kiwendawazimu kidogo. Nguvu yake ni kilowati tatu na nusu. Kilo moja ya gesi hii inatoa takriban kilowati-saa 13. Gawanya mwenyewe: ukifungulia moto wote saa nzima, unachoma robo kilo na ushee. Mtungi wa kilo 6, ule mdogo unaouzwa kila kona, unakupa karibu saa 22 za moto mkali. Huyo mbuzi wa kuchomwa saa 22 ni wa chuma? Na kale ka kijani alikokalilia shemeji kangekwisha kabla ya saa mbili kutimia, maini yameiva, paja bado linatutazama.

Shemeji akakubali shingo upande. Seremala hakukubali mpaka leo.

Siyo kwamba mtungi mdogo unafaa kila mahali. Binamu yangu yuko Makete, kule ambako mwezi wa Julai majani yanaamka na barafu. Alinipigia asubuhi moja kulalamika kwamba ameuziwa hewa: mtungi mzito, moto wa kibatari. Nikamweleza kwamba gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani hugeuka mvuke hata kwenye baridi la nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini butani ikikaribia sifuri inagoma, inabaki maji maji humo ndani. Tena mtungi mdogo ukiulazimisha kulisha jiko kubwa unajipoza wenyewe, utaona unatoka jasho ubavuni. Alikuwa ameanza kunielewa, ndipo nikasikia sauti ya mtu pembeni yake ikimshauri ausogeze mtungi karibu na mafiga upate joto. Nilipiga kelele mpaka mtandao ukakata. Ilibidi nimtafute kwa simu ya mkewe.

Dukani nako kuna mambo yake. Niliomba mtungi upimwe. Kijana wa duka akanitazama kwa huruma. "Mzee, hutuamini?" Bwana mdogo, nimekuja kununua gesi, habari za imani zina siku yake na nyumba yake. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa mwilini mwake. Jumlisha kilo 6, weka juu ya mizani, uone. EWURA inamtaka muuzaji awe na mizani, na huyu alikuwa nayo kweli, ila juu yake zilipangwa trei za mayai mpaka usawa wa kalenda. Tukaanza kushusha mayai, trei moja moja, foleni nyuma yangu ikiguna. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wanaume wa siku hizi wamekuwa wa kupimapima. Uzito ukawa sawasawa. Ungedhani hapo nitapongezwa. Wakaguna zaidi, sasa kwa kuwa nimewachelewesha bure.

Aliyenifuata hakutaka mizani. Yeye ni wa kutikisa. Akaubeba mtungi, akautega sikio, akausikia unacheza ndani, akatangaza kwamba amepunjwa. Jamani, mtungi mzima wa gesi lazima ucheze! Kiwandani hawaujazi mpaka juu. Wanaishia kama asilimia 80 ya nafasi ya ndani, kwa sababu ile gesi imekaa humo kama kimiminika, na kimiminika hicho kikipata jua la Dar es Salaam kinatanuka na kutaka pa kwenda. Usiocheza ndio wa kukimbia. Na huo mara nyingi ni kazi ya wale vijana wa uchochoroni wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, mkubwa wameuinamisha kichwa chini, kipimo chao ni jicho na bei yao ni nzuri mno. Mtungi wa namna hiyo utautambua kwenye lakiri: imechanika, au haipo kabisa, au pamefunikwa kwa nailoni ya mkate. Angalia pia kutu na mabonyeo, na kitako kisiwe kimepinda. Nilipokuwa naukagua wangu nikiuzungusha taratibu, yule mama wa foleni akauliza kama nautafutia mchumba.

Halafu usafiri. Wa bodaboda alikuwa ameshauchukua, ameulaza ubavu nyuma ya siti na kuukaza kwa mpira wa tairi, kama mgonjwa anayewahishwa Muhimbili. Nikamwomba aushushe. Juu ya mtungi kuna vali ya usalama, kazi yake ni kutoa mvuke presha ikizidi. Mtungi ukisimama, pale juu pana mvuke. Ukilala, pale panakuwa na kimiminika, na kikombe kimoja cha propani ya maji maji kikitoka nje kinakuwa gesi ya kujaza ndoo tatu za lita 20 na zaidi. Yeye akanijibu kwamba amebeba mpaka friji, amebeba mpaka mbuzi hai, na hajawahi kupata kesi. Nikachukua bajaji. Nikausimamisha mtungi katikati ya miguu, upepo unapita huku na huku, na kwa mara ya kwanza nikaona faida ya chombo kisicho na milango.

Sasa njoo kwenye kuunganisha, ambako ndiko damu yangu ilipopanda. Kichwa cha ile grili kimechongwa kwa ajili ya kale kamtungi ka Marekani. Hakiingii kwenye koki ya mtungi wa hapa, na wala hakitakiwi kuingia. Shemeji akamwita fundi bomba. Fundi bomba akafika na tepu nyeupe ya nyuzi za bomba, gundi ya chuma na lile neno linalobomoa nchi hii kimya kimya: "Tutabana tu."

Hatubani! Ndani ya mtungi presha ni bar kadhaa, na joto likipanda nayo inapanda. Grili inataka kama sehemu tatu za mia za bar moja. Kinachosimama katikati ya hizo mbili ni reguleta, basi. Ukiiruka hiyo kwa gundi na tepu, umetengeneza kitu ambacho jeshini wana jina lake. Nikamlipa fundi nauli yake aende akazibe masinki ya watu, tukaibeba grili hadi kwa fundi wa vifaa vya gesi. Huyo akaitoa reguleta ya Kimarekani, akaweka ya mtungi wa kwetu, na kabla ya hapo akasoma presha iliyoandikwa kwenye reguleta akailinganisha na ya kibandiko. Alisoma mwenyewe, bila kuombwa. Karibu nimkumbatie. Akaweka mpira wa gesi wenye tarehe ubavuni, na klipu za kubana kila upande. Seremala alikuwa ametutafutia kipande cha mpira wa kumwagilia bustani na waya wa kufungia uzio, akarudi navyo nyumbani ameudhika.

Hasira zake alizimalizia kwenye majaribio. Tumefika uani, mtungi umesimama kivulini, reguleta imekaa, namwona anachomoa kiberiti cha gesi mfukoni na kusogeza uso. "Tunapima hivi siku zote." Ndiyo, na wale waliopima hivyo siku moja zaidi hawapo kutusimulia. Nikaomba sabuni ya unga na brashi ya viatu. Nikapaka povu kwenye kila kiungo, nikafungua koki kidogo, huku grili yenyewe imezimwa. Tukainama kuangalia. Kwa muda hakukuwa na kitu, povu linakauka tu, seremala anacheka. Kisha pale reguleta inapokutana na koki, kipovu kimoja kikaanza kuvimba, kikafika ukubwa wa harage, kikapasuka. Kikaja kingine mahali pale pale. Nikafunga koki. Ndani ya mdomo wa mtungi kulikuwa na kipete cha mpira, kimechanika nyufa zisizoonekana mpaka ukibonyeze kwa kucha. Kipya kilipatikana kwa bei ya maandazi machache. Tukapaka povu tena, likatulia. Seremala hakucheka tena, ila pia hakusema kitu.

Kuwasha nako watu wanakosea jambo moja tu, na ni lile lile kila mara: mfuniko. Mfuniko ukiwa umefungwa, gesi inajikusanya humo ikisubiri cheche. Kwenye sherehe moja ya huko Tabata, mpambe wa bwana harusi alifungulia gesi, akakumbuka kwamba kitufe hakifanyi kazi, akaenda kutafuta kiberiti, akapiga stori njiani, akarudi, akafunua na kuwasha kwa mpigo mmoja. Nyusi zake zilibaki pale. Kwenye picha za harusi amechorewa za penseli, na mchoraji hakuwa na mkono mtulivu, kwa hiyo katika albamu nzima anaonekana ana mashaka na ndoa ile. Funua kwanza, ndipo ufungulie na kuwasha. Ikikataa ndani ya sekunde chache, funga, acha wazi dakika tano, hewa ipite, ndipo ujaribu tena. Dakika tano ni nyingi kwa mtu mwenye njaa, najua. Kuota nyusi ni miezi.

Na kama grili ilikaa stoo tangu Krismasi, tazama kwanza kwenye vibomba vya moto. Dondora wanapapenda. Wakishajenga humo, moto unageuka wa njano na kutokea upande wa vitufe, mahali ulipo mkono wako.

Wazee wa mtaani wao hoja yao ni moja: nyama ya gesi haina ladha, ni nyama ya wodini. Naiheshimu hoja hiyo kwa asilimia kidogo. Sehemu kubwa ya ule moshi mtamu hutokana na mafuta yanayodondoka kwenye kitu cha moto na kuungua, na grili hii ina bati la chuma juu ya moto kwa kazi hiyo hiyo. Nimewapa mzee mmoja na mwenzake mishikaki ya gesi gizani bila kuwaambia, wakala, wakasifia mkaa. Serikali nayo ina mkakati wake wa kupikia, unaotaka ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanatumia nishati safi. Mimi nimeshatimiza sehemu yangu. Kinachonisumbua ni trei ya mafuta chini ya grili, ambayo kila mtu anaamini inajiosha, mpaka siku mafuta yatakaposhika moto wayamwagie maji, moto upande mpaka kwenye kanga zilizoanikwa.

Siku ya shughuli yetu mvua ya masika ikatukuta katikati ya mbavu. Shemeji akashika upande mmoja wa grili, akataka tuiingize sebuleni. Nikakaa mlangoni. Akasema Texas watu wanachomea gereji. Wachomee tu, huko ni kwao. Moto huu ukiwa ndani ya chumba unaweza kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na gesi yenyewe ikivuja ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haipandi dirishani ikaondoka. Inatambaa sakafuni, inajaa chini ya makochi. Tukazima, tukala mbavu zilizoiva nusu kwa ugali, wajomba wakinitazama kwa jicho la urithi.

Kumbe kazi ilikuwa haijaisha. Vijana waliokusanya vyombo waliuchukua mtungi, wakausukumia stoo ya chini ya ngazi, reguleta inaning'inia, koki haijafungwa sawasawa. Usiku shangazi, aliyekuja kutoka Tanga kwa ajili ya shughuli, akaanza kulalamika kwamba kuna panya amefia ndani. Nyumba nzima ikaanza kumsaka panya. Tukainua mazulia, tukavuta kabati. Mama watoto akasema ni kabichi. Mimi nikasikia harufu ikizidi kadiri nilivyoinama, na ndipo nikamwona shangazi anatoka chumbani na chetezo chake, udi umeshakatwa vipande, kiberiti mkononi, anataka kutuondolea aibu kabla wageni hawajaamka.

"Shangazi, weka kiberiti chini!"

Sijawahi kumpandishia sauti shangazi maishani. Akaganda. Nikawaambia wote watoke nje, isiguswe swichi wala feni, hata kwa kuzima, milango iachwe wazi. Nikafunga koki, nikautoa mtungi, nikaenda kusimama nao mwisho wa uwanja kwenye matope. Tukakaa nje watu wazima tumejifunga kanga na vitenge, majirani wanachungulia, namba 114 ya Zimamoto nimeiandika tayari kwenye simu, mpaka nyumba ilipokwisha kunuka.

Shangazi alidai msamaha, na haki yake alipata, lakini alidai pia kujua kwa nini kitu cha kupikia kinukishwe hivyo. Nikamweleza kwamba gesi haina harufu yake. Wanaitilia dawa ya kunuka makusudi. Huko huko Texas kwa shemeji, mwaka 1937, shule ya New London ilijaa gesi asilia isiyonuka, hakuna aliyejua, ikalipuka, wakafa watu karibu 300, wengi wao watoto. Ni baada ya hapo sheria ikalazimisha gesi inuke. Shangazi akanyamaza kidogo. Kisha akasema wangeitia hata ya karafuu.

Siku hizi mtungi unaishi nje, umesimama chini ya kibanda cha bati penye kivuli na upepo, umefungwa mnyororo na kufuli kwenye nondo za dirisha, maana kwetu kitu kikiwa salama na moto kinakuwa si salama na wezi. Ufunguo unaning'inia jikoni kwenye msumari, na kila unapochukuliwa naulizwa mimi.

Jana seremala amekuja. Binti yake ana sendofu huko Chanika mwisho wa mwezi, anaomba grili. Nikampa. Anaomba na mtungi. Nikampa. Akasimama mlangoni anajikuna kichwa, akasema itapendeza na mimi nifike mapema, saa nne asubuhi hivi, kabla ya wageni, nije na sabuni yangu. Nauli hakuitaja.